Shangazi Mwavuli na Paa la Gari la Orestes

Shangazi yangu anaitwa Migdalia, lakini ukija mtaani kwetu Cerro ukamuulizia Migdalia, watu watakukodolea macho tu. Ulizia Mwavuli. Hapo hata mbwa atakupeleka mpaka mlangoni.

Jina limetokana na picha. Kama uko kwenye makundi ya watsapu ya Havana umeshaiona, na pengine umeshamtumia mtu. Mama mfupi, kichwa kizima kimejaa vibomba vya kuviringishia nywele, amesimama ndani ya Shevroleti ya rangi ya waridi, mvua inamwagika utadhani imelipwa, ameshika mwavuli. Pembeni yake kuna binti kwenye gauni la malkia, amelowa chapachapa, analia mpaka wanja umefika kidevuni. Na mwavuli hauko juu ya binti. Uko juu ya pampu ya paa la gari.

Mtu akaigeuza stika, akaandika chini: "KILA MTU NA MTOTO WAKE."

Haya, cheka, umalize, tuendelee. Mimi kicheko kilinikauka siku ileile, na ukijua kilichotokea na wewe utatafuta kitu cha kupiga teke.

Shangazi alijifunzia umeme kwenye karakana ya mashine za kufulia za Kirusi, zile ambazo zikianza kuzunguka nyumba nzima inataka kuhama. Karakana ikafungwa, mume akaenda Miami, tena akaondoka na mita yake ya kupimia umeme. Kwa kuondoka, shangazi alishamsamehe. Kwa mita, bado. Tangu hapo anapimia balbu ya indiketa ya pikipiki aliyoifunga nyaya mbili. Balbu ikiwaka vizuri, anatikisa kichwa kukubali. Ikiwaka kivivu, mwenye gari atatukanwa mpaka babu yake aliyelinunua.

Anafanya kila kitu, lakini kazi aliyoipenda ni moja tu: nyaya za mapaa ya magari ya wazi. Haya magari yetu ya zamani, yale yenye paa la turubai linalojikunja lenyewe, nyuma ya siti yana pampu. Pampu inasukuma mafuta, mikono miwili ya chuma inainuka, paa linatembea. Waya mwekundu wa kupandisha, waya wa kijani wa kushusha, na waya mweusi unaofungwa kwa boliti kwenye bati la gari ili umeme upate pa kurudia. Basi. Lakini nyaya zenyewe zina umri wa bibi yako, kitambaa kinachozifunika kimeoza, panya wamekula, na mpya haziuzwi popote. Shangazi anazitengeneza. Ana mlango wa zamani ameupigilia misumari, anazungushia nyaya alizotoa kwenye lifti ya jengo lililobomoka, anapima, anakata, anazifunga vitambaa kama anamfunga mtoto nepi. Skrubu anazichomeka ndani ya vibomba vya nywele kichwani. Ukimsalimia ghafla akageuka, zinalia kama njuga.

Na kwenye lile boliti la waya mweusi hana mchezo. Lazima akwangue duara la bati mpaka ling'ae, saizi ya sarafu, ndipo afunge. Anaweza kukusimulia hilo duara kama wenzake wanavyosimulia harusi.

Sasa Orestes.

Orestes ni jirani yetu, nyumba ya pili. Ana Shevroleti ya mwaka hamsini na tano, na lake si kama yale yaliyokatwa paa kwa msumeno halafu mwenyewe anaapa yalizaliwa hivyo. Lake ni la kweli, paa linafunguka kwa swichi. Na kwetu binti akitimiza miaka kumi na tano, hata kama nyumbani mnashindia wali na maharage meusi, lazima apande gari la wazi, azungushwe kando ya bahari, apigwe picha za kuwaumiza roho mabinti wengine. Orestes alibuni onyesho lake: anafika na paa limefungwa, muziki unaanza, anabonyeza swichi, paa linajikunja polepole kurudi nyuma, na binti anachomoza ndani kama lulu. Watu mayowe. Mama mtu anazimia kidogo. Mtaa mzima ukataka hilohilo.

Na nani alikuwa amelifanya hilo paa litembee? Shangazi. Nyaya zote, kuanzia betri mpaka pampu. Nilikuwepo akikwangua lile duara, akaniita nikaangalie kama vile ni mjukuu.

Kisha ikaja siku ya Anyelín, binti wa nyumba ya kona. Mawingu yalikuwa mazito lakini hakuna aliyeahirisha, mpiga picha alikuwa ameshafika. Muziki ukaanza. Orestes, shati jeupe, miwani, akabonyeza swichi kwa kidole kimoja kama mfalme. Paa likainuka. Likafika katikati, likasimama wima kama tanga, likakataa. Akabonyeza juu. Kimya. Akabonyeza chini. Pampu ikalia "mmmh" kama mtu aliyeamshwa mapema, ikanyamaza. Na mvua ikashuka hapohapo.

Shangazi alikuwa amekuja kuangalia sherehe tu, vibomba kichwani. Akampokonya bibi mmoja mwavuli, akaruka ndani ya gari, akang'oa mgongo wa siti ya nyuma.

"Orestes, umegusa nini huku nyuma?" akapiga kelele.

"Sijagusa kitu!"

"Umegusa!"

"Naapa kwa Bikira wa Cobre, tangu ulipomaliza wewe sijafungua hata skrubu. Gari nimeling'arisha tu!"

Kuapa kwa Bikira wa Cobre, mama mtakatifu wa Cuba nzima, mbele za watu, tena mvuani! Nani angebisha? Shangazi akaangalia waya mwekundu, mzima. Wa kijani, mzima. Boliti la waya mweusi liko chini kabisa kwenye kona, na kule maji yalikuwa yameshajaa. Akafunika pampu kwa mwavuli ili angalau isilowe, huku mkono mwingine unapapasa majini. Hapo ndipo ile simu iliyolaaniwa ilipopiga picha.

Anyelín analia, mama yake anatukana, na Orestes akaona pa kutokea.

"Nyaya kafunga yeye!" akatangaza. "Mimi dereva tu. Muulizeni fundi wenu!"

Akawashusha shangazi na Anyelín, akawasha gari, akaondoka na paa limesimama wima barabarani, watoto wanalikimbiza. Na shangazi akabaki pale katikati ya mvua na mwavuli wa watu.

Sijui kama umewahi kuona mtu akipoteza kazi bila kufukuzwa. Hakuna aliyemwambia kitu. Wenye magari ya wazi waliacha tu kupita. Mmoja, mwenye Buick ya bluu, alikuwa ameshaleta waya, akaja kuuchukua, akasema mke wake ameota ndoto mbaya. Kwenye kundi la mtaa, mtu akiuliza, "Fundi wa paa yuko wapi?" zinashuka stika za mwavuli kama mvua yenyewe. Shangazi akawa fundi wa feni. Feni, na masufuria ya umeme ya wali. Mlango wake wenye misumari akausimamisha ukutani, akaanikia nguo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alianza kujitilia shaka. Siku moja umeme umekatika, tumekaa kizingitini tunapunga hewa, akaniambia, "Yoan, hivi lile boliti nililikaza?"

"Ulilikaza, shangazi. Nilikuona."

"Labda sikulikaza vizuri."

Huyu ni mwanamke ambaye alishagombana na askari wa barabarani mpaka askari akaomba maji. Anauliza labda. Nilitaka kwenda kumtobolea Orestes matairi yote, na la akiba.

Orestes kwa upande wake akatafuta fundi mtaa wa mbali, Marianao. Huyo bwana, bila kuelewa gari linaumwa wapi, akaufunga waya mweusi kwenye kawaya ka taa ya buti, kembamba kama unywele. Paa likatembea kwa muda. Wiki iliyopita Orestes akiwa mbele ya wateja, buti likatoa moshi, na paa likagoma tena. Na hapa ndipo Mungu alipoonyesha ana ucheshi: Jumapili hii anayetimiza kumi na tano ni Dayanis, binti wa Orestes mwenyewe.

Orestes akaja kwetu. Hakupita mlango wa mbele, alikuja kwa nyuma, ameshika pakiti ya kahawa kama mchumba.

"Migdalia, dada yangu mrembo," akaanza.

"Dada yako yuko kwenu," shangazi akamjibu bila kuinua macho kwenye feni. "Nenda kamwambie ni mrembo, atafurahi, hajaambiwa siku nyingi."

"Nina shida kidogo na paa."

"Dawa yako ya kung'arishia imeisha?"

"Sikiliza. Dayanis Jumapili. Nilikuwa nawaza, nilete gari huku uani kwako, tufunge geti, ufanye kazi yako taratibu, kimyakimya. Unajua watu wanavyosema. Sitaki mtoto asikie kwamba nyaya zimeshikwa na… unaelewa."

"Na nani?"

"Migdalia, usinifanye niseme."

"Sema! Na nani?"

"Na Mwavuli," akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

Nikasimama. Shangazi akanishika suruali nikakaa. Akamaliza kukaza skrubu ya feni, akaizungusha kwa kidole, akairidhia. Ndipo akamtazama.

"Nitafanya," akasema. "Lakini si uani. Barabarani, mbele ya meza ya domino, mchana, watu wakiwepo. Na wewe uwepo, mikono yako ifanye nitakachokuambia. Hutaki, kuna feni zinanisubiri."

"Unataka kuniaibisha!"

"Nataka kuona boliti langu. Aibu ni ya kwako, mimi siihitaji, ninayo ya kunitosha."

Akaenda amenuna. Akarudi na gari.

Jamani, mtaa ulijaa! Nani aliwaambia? Kundi la mtaa, bila shaka, na stika zikaanza kabla hata boneti halijafunguliwa. Wazee wa domino wakageuza viti. Mmoja akaita, "Mwavuli, leo utamfunika nani?" Shangazi akamjibu, "Mdomo wako, ukiendelea," na wenzake wakampiga huyo mzee mgongoni kwa kicheko. Anyelín naye alikuwepo, sasa msichana wa suruali ya jinzi, amekunja mikono kifuani, uso kama amekuja mahakamani.

Shangazi akang'oa mgongo wa siti. Akachukua balbu yake. Akagusisha waya mmoja wa balbu kwenye waya mwekundu wa pampu, wa pili akaushika kwenye nguzo ya hasi ya betri kwa waya mrefu, akaniambia nibonyeze swichi. Balbu ikawaka, kali, nyeupe.

"Mnaona? Umeme unafika. Nyaya zangu zinaleta." Akautoa ule wa pili kutoka kwenye betri, akaugusisha kwenye boliti la kona. "Bonyeza tena, Yoan." Balbu ikawa nyekundu kidogo, kama sigara inayozimika. Halafu hata hiyo ikafa.

Wazee wa domino wakasogeza vichwa karibu.

"Umeme ukienda unataka kurudi nyumbani," shangazi akasema. "Unarudi kwa bati, kupitia hapa. Sasa kuna mtu amefunga mlango. Orestes, njoo. Fungua hilo boliti."

"Mimi si fundi."

"Na mimi si dereva, lakini lawama zako nimeziendesha vizuri. Fungua!"

Akapiga magoti na shati lake jeupe vilevile. Boliti likatoka. Chini yake, mahali ambapo mimi kwa macho yangu niliona duara la bati linang'aa, palikuwa na waridi. Waridi laini, nzuri, imepakwa mpaka kwenye tundu la boliti.

"Rangi gani hiyo?" shangazi akauliza.

Orestes akasugua tundu kwa kidole.

"Nimekuuliza rangi gani!"

"Waridi."

"Nani alifungua boliti langu, akapuliza rangi, akalifunga tena juu yake?"

"Fundi rangi," akanong'ona. "Kabla ya sherehe ya Anyelín. Nilitaka hata ndani papendeze, watu wanapiga picha kila kona… Sikudhani boliti moja…"

"Uliapa kwa Bikira wa Cobre!" Hiyo haikuwa sauti ya shangazi. Ilikuwa ya Anyelín, na ilifika mpaka mtaa wa Vedado. "Uliapa mbele yangu! Nimeitwa Sufuria kwa ule wanja, nimeitwa Samaki kwa kulowa, picha yangu nikilia iko kwenye simu ya mpaka mwalimu wangu wa hesabu, na wewe ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mwanangu, nilishuku tu—"

"Ulishuku! Halafu ukamsukumia lawama mama wa watu!"

Mzee mmoja wa domino akagonga kete mezani. "Orestes, huo sasa ni uchafu," akasema, na hakuna aliyecheka.

Shangazi akachomoa bisibisi ndogo ya bapa kutoka kwenye kibomba cha nywele, akamkabidhi. "Kwangua."

Lazima ujue Orestes anavyolipenda hilo gari. Huwa anafuta vumbi kwa fulana ya mtoto mchanga. Ukiegemea mlango anakuomba pasipoti. Na pale alipiga magoti anakwangua waridi yake mwenyewe, tabaka kwa tabaka, kwa sababu yule fundi rangi hakupuliza mara moja. Vumbi la waridi likamjaa kwenye nyusi, kwenye masharubu. Kila akisimama shangazi anainama, anaangalia, anasema, "Bado." Akisimama tena: "Bado. Nataka nijione uso humo."

Ndiyo, nilipiga picha. Ndiyo, stika ipo. Imeandikwa "GARI NIMELING'ARISHA TU." Niombe nitakutumia.

Duara likang'aa. Shangazi akakata kale kawaya ka yule bwana wa Marianao, akafunga waya mweusi kwa mkono wake, akakaza mpaka mshipa wa shingo ukatoka. Orestes akanyoosha mkono kwenye swichi, mbio, anataka yaishe.

"Toa mkono," shangazi akasema. "Anyelín, ingia. Kaa nyuma. Kwanza huyu."

"Migdalia, Dayanis ndiye—"

"Dayanis ana Jumapili yake, sina ugomvi na mtoto. Huyu siku yake uliipaka rangi. Funga paa, Yoan."

Nikabonyeza. Pampu haikulia "mmmh". Ilivuma, imeshiba, na paa likaja mbele likamfunika Anyelín na jinzi yake. Shangazi akasema, "Sasa mwenyewe. Bonyeza wewe mwenyewe, mama. Usingoje mtu."

Mkono mwembamba ukatoka kati ya viti, ukafikia swichi. Paa likainuka. Likafika katikati, pale palepale, na naapa mtaa mzima uliacha kupumua, mpaka mzee wa domino mwenye kikohozi. Likapita. Likajikunja nyuma polepole, likatulia, na Anyelín akasimama ndani, hana gauni, hana taji, nywele amefunga kwa kamba ya kiatu. Mayowe yaliyopigwa sijayasikia hata timu ya besiboli ikishinda.

"Ungenifunika mimi siku ile," akamwambia shangazi huku anacheka na kulia, "ungekufa?"

"Pampu ingelowa, paa lisingepanda kabisa, ungelowa zaidi."

"Bi Migdalia, nililowa kabisa! Hakukuwa na zaidi!"

Shangazi akafikiri. "Basi kwa hilo," akasema, "samahani."

Orestes akazungushwa mtaa mzima kama dereva wa Anyelín, na vumbi la waridi masharubuni, shangazi amekaa mbele akimwambia punguza, kata kulia, piga honi. Jioni yule wa Buick ya bluu akaleta waya wake. Eti mke ameota ndoto nzuri. Shangazi akamwacha asimame mlangoni akinusa harufu ya nyama ya nguruwe jikoni mpaka sisi tumeshiba, ndipo akautoa mlango wake ukutani, akaangusha nguo zote sakafuni, akaulaza mezani, misumari juu.

Msifikiri amepoa. Orestes hajasema samahani mpaka leo. Amesema "kulitokea kutoelewana." Shangazi akisikia hilo neno vibomba vinalia vyenyewe kichwani. Jumapili atakuwepo kwenye sherehe ya Dayanis, na ameshasema atakuja na mwavuli, ataushika umefungwa, mbele kabisa, Orestes amwone vizuri.

Na jina halijatoka. Watoto bado wanamwita Mwavuli. Ila jana nilimsikia mwenye Ford ya kijani akimwambia mwenzake kituoni, "Paa limekwama? Mpeleke kwa Mwavuli, lakini usimdanganye." Nikamfikishia shangazi. Aliniambia tu nimshikie mwisho wa waya.

Sasa ni zamu yenu, na msijifanye hamna. Nani hapo kwenu amebeba jina la kijinga kwa kosa alilofanya mtu mwingine? Nani amepakwa rangi juu ya boliti lake? Andikeni hapo chini. Majina, picha, stika, leteni zote. Na kama wewe ndiye Orestes wa mtaa wenu, andika pia, bisibisi ipo.